Nilinunua gitaa la marehemu kwa bei aliyotaja mjane, sasa naambiwa lina thamani kubwa

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na kitu, naishi Morogoro na mke wangu na mtoto mmoja. Mchana nauza vipuri vya pikipiki. Ijumaa na Jumamosi usiku napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo ya maharusi na hoteli. Hatuna jina kubwa, ila tunaalikwa.

Mwaka jana mama mmoja mjane, nimwite Mama K., alinitumia ujumbe kupitia mpiga tumba wetu kwamba anauza gitaa la marehemu mume wake. Mzee huyo alipiga solo kwenye bendi za dansi tangu miaka ya 70. Nilipofika nikalikuta juu ya kabati ndani ya sanduku la mbao, nyuzi zimeshika kutu, voliumu zinakwaruza. Mama akataja laki tatu na nusu. Sikumwomba apunguze, nikalipa taslimu jirani yake akiwepo, kisha akatupakulia chakula. Aliniambia, "Wewe utalipiga. Wanangu hakuna anayejua hata kulishika." Karatasi hatukuandikiana. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu, nami nikipita mtaani kwake sikosi kumpelekea sukari au mchele.

Fundi alisafisha voliumu, nikafunga nyuzi mpya. Mshauri, ile sauti! Watu wakaanza kuniuliza nimelitoa wapi. Halafu mpiga kinanda mmoja kutoka Arusha aliligeuza huku na huku, akalipiga picha, na kesho yake akanipigia kwamba ana mtu Nairobi atakayetoa milioni nne na nusu. Anasema ni Fender Stratocaster ya mwaka 1977, ya Marekani, halisi. Fundi wangu anasema nisikimbilie, huenda ni la kuungaunga. Mwenzetu mmoja kwenye bendi ameapa kwamba ni la Japani.

Naomba nikueleze lilivyo. Kichwa chake ni kikubwa, kimeandikwa Fender kwa herufi nene nyeusi, chini yake Stratocaster, na namba inayoanza na S, ikifuatwa na 7 na tarakimu nyingine tano. Pale shingo inapokutana na kichwa kimechomoza kichuma chenye umbo la risasi. Bodi imepuliziwa rangi ya bluu, nadhani ya gari, maana ilipobanduka naona kahawia chini yake. Mgongoni shingo imeshikwa na bamba la chuma lenye skrubu nne, bamba lenyewe halina namba wala maandishi. Chini ya bamba kuna herufi tatu na namba 4 zilizoandikwa kwa mkono kwa rangi nyeupe, zimefutika nusu, sijui ni jina la mtu au nini. Vikaza nyuzi viwili havifanani na vingine. Fundi alipofungua ile plastiki ya mbele, mgongoni mwa voliumu moja alikuta 1377815, na nyingine zinakaribiana nayo.

Sasa nyumbani hakukaliki. Mke wangu anasema: "Ungekufa wewe, ungependa mimi nipewe laki tatu na nusu halafu mtu atie mfukoni milioni nne?" Kaka yangu anasema biashara ni biashara, kwani gitaa lingekuwa bovu Mama K. angenirudishia hela? Na wiki mbili hizi mtoto mkubwa wa Mama K., aliyeko Dar, amenipigia. Kasikia mtaani. Hakugomba. Aliuliza tu nililipa ngapi, nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akasema "sawa", akakata. Hiyo "sawa" yake hainitoki kichwani.

Ukweli ni kwamba sitaki hata kuliuza. Lakini milioni nne na nusu ni kodi ya fremu yangu ya duka kwa zaidi ya mwaka. Nitajuaje ni gitaa gani na la mwaka gani bila kudanganywa? Na nikishajua, je, Mama K. ananidai?

Mpiga Solo, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mambo mawili: gitaa gani, halafu deni gani. Mpangilio huo ni mzuri. Ila nikiisoma barua naona nyumba nzima imeshaliruka swali la kwanza. Mkeo anagawa milioni nne, kaka yako anazitetea, kijana wa Dar anazinyamazia, na hakuna aliyeziona. Zimetajwa kwenye simu kwa niaba ya mtu aliyeonyeshwa picha. Kwa hiyo nivumilie tuanze na chombo chenyewe. Kaka yangu mkubwa alipiga besi, nimekulia kwenye nyumba ya nyaya na harufu ya lehemu, na maelezo yako ni mazuri kuliko unavyodhani.

Kichwa kikubwa ni dalili ya kwanza. Kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mnamo Januari 1965, na mwishoni mwa mwaka huo kichwa cha Stratocaster kikapanuliwa. Kikabaki hivyo mpaka karibu 1981. Kichuma chenye umbo la risasi kilianza mwaka 1971 hivi. Namba nayo ilikuwa ikipigwa kwenye bamba la nyuma hadi 1976, ndipo ikahamia kichwani. Herufi S ni ya miaka ya 70, E ni ya miaka ya 80, na tarakimu inayofuata herufi ni mwaka. Kwa hesabu hiyo S na 7 ni 1977, na hapo ndipo mpiga kinanda wako aliposimama.

Asisimame hapo. Namba hizo zilichapishwa mapema na kubandikwa kadiri shingo zilivyotoka, hivyo S7 unaikuta hata kwenye magitaa ya 1978. Na voliumu yako inasema jambo lake. Ile 137 mwanzoni ni alama ya kiwanda cha CTS kilichotengeneza vifaa hivyo. 78 ni mwaka, 15 ni wiki. Kifaa hicho kilitoka kiwandani karibu na Aprili 1978. Gitaa linaweza kuwa changa kuliko voliumu yake, maana vifaa hukaa stoo vikingoja kufungwa, lakini haliwezi kuwa limetoka kabla yake, isipokuwa kama mtu alibadilisha. Mwambie fundi aitazame lehemu. Ya kiwandani huwa kidogo na safi. Ya mtaani mara nyingi ni donge, na waya zimeungwa. Ikiwa haijaguswa, shingo na vyombo vya umeme vinakubaliana juu ya 1978 au baadaye kidogo. Basi mwaka wa picha umeshasogea, na hatujafungua hata skrubu moja ya shingo.

Skrubu hizo ndizo zinazonitia mashaka. Kuanzia mwishoni mwa 1971 hadi 1981 hivi, Stratocaster za Marekani zilifungwa shingo kwa skrubu tatu, na bamba lake lilikuwa na herufi F kubwa. Toleo la kumbukumbu la 1979 lilirudia skrubu nne, lakini lile lilikuwa na maandishi yake ya pekee kwenye bodi. La kwako lina skrubu nne na bamba tupu. Naona njia tatu. Huenda shingo ni halisi na bodi ni ya gitaa jingine. Huenda bodi ni yake, ila mtu alizichoka zile tatu, maana wapigaji wengi walilalamika kwamba shingo inacheza, akatoboa upya. Au shingo yenyewe si ya Marekani na maandishi ya kichwani yamenunuliwa, kwa sababu stika za Fender zinauzwa na kubandika hakuhitaji ujuzi.

Mwenzenu anayeapa kwamba ni la Japani msimcheke. Fender yenyewe ilianza kutengenezewa magitaa Japani mwaka 1982, katika kiwanda cha FujiGen, na kabla yake viwanda vya huko vilishaiga umbo hilo kwa majina kama Greco na Tokai. Baadhi ya hayo leo yanatafutwa kwa pesa nzuri. Ila hayo ya Fender Japani yalikuwa na mpangilio wake wa namba, ya kwanza yakianza na JV, kwa hiyo S7 yako haiendi huko.

Jibu liko chini ya shingo. Legeza nyuzi zote kwanza, toa skrubu, inua shingo taratibu. Tazama kisigino chake, yaani sehemu iliyokuwa imelala ndani ya bodi. Shingo ya skrubu tatu ya miaka hiyo ina kisahani cha chuma kilichozamishwa kwenye mbao, kwa ajili ya kurekebisha mwinamo. Ukikiona, na pembeni yake kuna tundu zilizozibwa na nyingine mpya, utajua shingo ilianza ikiwa ya skrubu tatu. Tafuta mstari wa tarakimu uliopigwa muhuri, au maandishi ya penseli. Kisha tazama shimo la bodi lenyewe: rangi ya chini ni ipi, tundu ngapi, zipi zimezibwa. Piga picha kila kitu mchana, nje. Usipige msasa ile bluu hata kidogo, usitupe vikaza nyuzi visivyofanana, na fundi akikwambia "nikutengenezee liwe jipya" mshukuru, uondoke na gitaa lako.

Magitaa ya bendi yaliishi kama daladala zetu: kadi inasema mwaka mmoja, injini ya mwaka mwingine, mlango umetoka kwenye gari iliyopinduka Mikese. Kuuliza ni la mwaka gani ni kuuliza kipande kipi. Na hapo ndipo bei inapobadilika. Stratocaster ya mwisho wa miaka ya 70 yenye kila kitu chake huuzwa kwa maelfu ya dola Marekani na Ulaya. Zilizotoka kabla ya CBS huko ndiko kwenye makumi ya maelfu. Lililopakwa rangi upya hushuka sana, wafanyabiashara wengi hukata karibu nusu. La kuungaunga huuzwa kwa vipande, na shingo halisi peke yake bado ina mnunuzi. Milioni nne na nusu kwa gitaa la bluu lenye bodi ya mashaka ni bei kubwa. Labda mtu wa Nairobi ni mkarimu. Labda hajui. Labda anajua kabisa na atalipitisha kwa mwingine kama gitaa zima la asili, wewe ukiwa shahidi wa kwanza wa uongo huo. Au atakuja, atalifungua mbele yako, na zile nne zitakuwa moja na nusu. Mtafute mtu wa kulitazama asiyetaka kulinunua.

Sasa zile herufi nyeupe. Umezitaja kwa sentensi moja na kupita. Mimi nilisimama hapo.

Kwenye dansi la zamani la Tanzania mpigaji hakuwa mwenye chombo. NUTA Jazz ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz chini ya umoja wa vijana wa chama tawala, Mlimani Park ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na majeshi, mashirika na manispaa walikuwa na zao. Bendi za watu binafsi nazo, vyombo vilikuwa vya tajiri. Mwanamuziki alihama na kipaji chake, gitaa likabaki stoo. Na mali ya taasisi huandikwa: herufi za taasisi, namba ya kifaa, rangi nyeupe, brashi ya kawaida. Herufi tatu na 4 zinafanana mno na hilo. Sisemi limetoka bendi gani wala kwamba marehemu alilichukua. Bendi nyingi zilipokufa, wapigaji waliachiwa vyombo badala ya mishahara waliyodai. Wengine walivinunua kwa mnada. Inawezekana pia mzee aliandika herufi za jina lake na namba aliyoipenda. Ila unaona, mwanangu, umekuja kuniuliza kama Mama K. anakudai, na kuna uwezekano wa mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemtaja.

Yupo na wa nne. Mali ya marehemu ni ya warithi wote, na kwa utaratibu wetu msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Majumbani hatufanyi hivyo kwa kila kitu. Mama huuza kabati, baiskeli, gitaa, na watoto wanaridhia kwa kunyamaza. Kunyamaza huko hudumu mpaka pesa kubwa itajwe. Kijana wa Dar umemchukulia kama mtu anayekulaumu. Inawezekana. Inawezekana pia "sawa" yake ilimhusu mama yake, au ndugu zake, au yeye mwenyewe ambaye hakujua kushika gitaa la baba yake. Hukumuuliza, nawe umekaa na jibu ulilomtungia.

Nirudi nyumbani kwako. Swali la kaka yako si baya, ila linachukulia kwamba siku ile mlikuwa wauzaji na wanunuzi tu. Mlikula pamoja, ukapewa gitaa kwa maneno yaliyofanana na wosia, na bado unapeleka sukari. Mkeo naye ana haki ya kuuliza, lakini maneno yake yanakufanya dhalimu, na barua yako haionyeshi dhuluma: mama alitaja bei, ukalipa bei, wote hamkujua. Kutokujua kwenu wote wawili si sawa na mmoja kumficha mwenzake. Kinachobadilika ni kuanzia sasa, kwa sababu sasa unajua kidogo, na wiki ijayo utajua zaidi.

Ukiuza kimya, sheria za sokoni haziko dhidi yako kwa urahisi, lakini Morogoro ni ndogo, habari imeshafika Dar kabla hujauza, na karatasi huna. Mnunuzi akiuliza ulilitoa wapi utasema nini?

Ukienda kwa Mama K. leo na habari za milioni nne, unaweza kujisikia mwepesi, yeye akabaki na hesabu. Atazipangia kazi, ada ya mjukuu, bati za nyumba, halafu shingo ikifunguliwa ziyeyuke. Ningemwonea huruma zaidi kwa hilo kuliko kwa laki tatu na nusu. Ukingoja mpaka ujue ndipo uende, nako kuna hatari: mwanawe anaweza kumwambia kabla yako, na kimya chako kitapewa maana usiyokuwa nayo.

Kuna kuliuza kwa makubaliano, wewe utoe ulicholipa na gharama za fundi, kinachozidi mgawane na familia kwa fungu mtakalokubaliana mbele ya watu. Inasikika vizuri. Mgawano huo lakini humfungulia kila mrithi mlango, na anayekuja mwisho ndiye mwenye sauti kubwa. Kuna kumpelekea Mama K. kiasi fulani bila kuuza chochote, kama mwana anavyompa mama. Hapo angalia unavyotoa: ukikitoa ghafla na kingi, mwingine hukisoma kama kukiri kwamba ulimpunja, na mwingine hukataa kwa sababu hakuuza huruma. Kuna kumpa nafasi ya kulirudisha kwa bei ile ile, jambo la uungwana, ila jiulize kama unaweza kuvumilia akisema ndiyo, halafu mwanawe aliuze Nairobi. Na kuna kulipiga tu. Uliandika kwamba hutaki kuliuza, kisha ukaharakisha kwenda kwenye kodi ya fremu. Sentensi ile niliisoma mara ya pili. Ukilibakiza, bei yake ni mazungumzo tu, ingawa hata hapo herufi nyeupe hazifutiki.

Kabla ya hayo yote una safari moja isiyogharimu kitu. Mama K. aliishi na gitaa hilo na mwenye gitaa. Huenda anajua lilikuja nyumbani mwaka gani, kutoka kwa nani, na ni nani aliyelipaka bluu. Pengine kuna picha ya mzee jukwaani, gitaa likiwa bado la kahawia, na skrubu zake zinaonekana au hazionekani. Mtu wa Nairobi hana habari hiyo na hawezi kuinunua. Ukienda, nenda kwanza kama mpigaji anayetaka kusikia habari za mpigaji, umwachie azungumze, na akikuuliza mwenyewe kwamba kuna maneno ya pesa mtaani, mjibu unachokijua mpaka siku hiyo, pamoja na usichokijua.

Mtu wa Nairobi mwambie asubiri. Akisema hawezi kusubiri mpaka shingo ifunguliwe, utakuwa umejifunza kitu juu yake. Ukishafungua, nitumie picha ya kisigino na ya zile herufi, nitamwonyesha kaka yangu. Ana miaka mingi hajashika besi lakini alama za stoo za bendi anazikumbuka kuliko majina ya wajukuu zake.